Mchora mabango anayevunja maneno ya hospitali

Saa mbili asubuhi sakafu ya korido bado haijakauka. Mwanamke mwenye aproni iliyojaa madoa ya rangi amesimama kwenye ngazi fupi, amevuta uzi wenye chaki juu ya mlango ili mstari unyooke. Chini yake kuna makopo mawili, moja la rangi ya buluu na jingine la rangi nyeupe. Brashi ya pili ameibana kwa meno.

Anachora herufi moja moja: DERMATOLOGY.

Mzee aliyeshika karatasi anasimama, anainua uso. "Mama, hapo pameandikwa nini?"

Anatoa brashi mdomoni. "Ngozi, baba. Kama unawashwa, umefika."

"Mimi tumbo."

"Basi nenda mlango wa nne. Utaona neno linaloanza na gastro. Hilo ndilo tumbo lenyewe."

Wafanyakazi wa hospitali humwita Mama Brashi. Ana miaka arobaini na mmoja, na ishirini na sita kati ya hiyo ameitumia kuchora mabango ya maduka, shule na ofisi. Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake, mara tu alipomaliza darasa la saba na kukosa wa kumsomesha zaidi.

"Mjomba hakujua Kiingereza, na mimi sikujua," anasema. "Tulichora herufi kama mtu anavyochora ua. Ua halikuulizi maana."

Ila siku moja likamuuliza.

Miaka mitatu iliyopita hospitali hii ilimpa kazi ya mabango ishirini. Bango la kliniki ya presha ya kupanda lilitakiwa kusomeka *Hypertension*. Yeye akaandika *Hypotension*, kwa herufi nzuri zilizonyooka, zenye kivuli. Likakaa juu ya mlango siku mbili kabla daktari mmoja hajaliona na kucheka mpaka akashika ukuta.

Mama Brashi hakucheka. Kulirudia kulimlia mapato ya siku tisa, rangi juu yake.

Aliyemkuta akilikwangua ni muuguzi mkuu, mama wa makamo ambaye sasa amestaafu. Hakumfokea. Alivuta kiti, akakaa.

"Fundi, unajua umeandika nini?"

"Sijui, sista. Najua tu nimekosea."

"Umeandika presha ya kushuka. *Hyper* ni juu, kupita kiasi. *Hypo* ni chini. Ni maneno ya Kigiriki hayo."

"Mimi Kiingereza kinanishinda, unaniletea Kigiriki?"

Muuguzi akamwambia kwamba Waingereza wamekopa kwa Wagiriki na Walatini kama Waswahili walivyokopa kwa Waarabu. Kisha akamuuliza: pika, mpishi, mapishi, upishi, yote hayo yametoka wapi?

"Kwenye kupika," akajibu.

"Basi na haya ni hivyo hivyo. Tafuta kinachopikwa."

Jioni ile alinunua daftari la kurasa mia mbili, akapiga mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto mzizi, kulia maana. *Cardio*, moyo. *Nephro*, figo. *Neuro*, mishipa ya fahamu. *Micro*, kidogo sana. *Tele*, mbali. *Phone*, sauti. Alipogundua kwamba simu ya mkononi aliyoibeba miaka yote, yaani *telephone*, ilikuwa "sauti ya mbali", alimwamsha mumewe, fundi bomba aliyekuwa amejilaza kwenye kochi, amwambie.

"Akanijibu, 'Sasa na wewe niongeleshe kwa mbali,'" anasimulia, akicheka.

Hakuishia hapo. Kila Jumamosi alimfuata muuguzi chumba cha chai na maneno aliyoyanakili kwenye milango, kwenye makaratasi ya dawa, hata kwenye chupa za sabuni. Anayakata, anasema, kama anavyokata kuku: "Ukijua maungio yalipo, kisu hakihangaiki. *Hypo*, chini. *Glyc*, sukari. *Emia*, damu. Sukari imeshuka kwenye damu. Neno refu vile, kumbe limejaa nyama ya kawaida."

Mizizi ilipofika mia tatu, majirani wakaanza kuja na karatasi zao za hospitali. Naye, kwa maneno yake mwenyewe, akavimba kichwa.

Wakati huo mama mkwe wake, anayeishi naye, alikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu. Alikuwa na sukari, na kidonda kilikataa kufunga. Akaandikiwa aende hospitali kubwa ya rufaa siku ya Jumatano, siku pekee ya kliniki ya vidonda.

"Niingie mlango gani, mwanangu?" akauliza.

Mama Brashi hakuwa na shaka. *Pedal* ya baiskeli hukanyagwa kwa mguu. *Pedestrian* ni mtu anayekwenda kwa miguu. *Ped* ni mguu, imo daftarini. "Tafuta mlango ulioandikwa *Pediatrics*, mama. Kaa hapo mpaka uitwe."

Mama mkwe akakaa. Akakaa kuanzia saa tatu mpaka saa saba mchana, katikati ya vichanga na mabeseni. Karani alipofika kwake akamuuliza, "Mtoto yuko wapi, bibi?"

"Mtoto ndiye aliyenituma," akajibu.

Ilikuwa kliniki ya watoto. Alipoelekezwa kliniki ya vidonda, ilikuwa imeshafungwa mpaka wiki ijayo. Kabla wiki haijaisha kidonda kilianza kunuka, homa ikapanda, akalazwa siku kumi na moja. Madaktari walizungumzia kukata kidole.

Mama Brashi anaponifikisha hapa anaacha kuchora. Anafuta brashi kwa kitambaa, pole pole, hata pale ilipokwisha kuwa safi.

"Watu walicheka ile habari ya vichanga. Mimi nilikuwa naangalia ule mguu. Nilijiambia, kujua nusu ni kubaya kuliko kutojua. Asiyejua angeuliza."

Alilitia daftari chini ya makopo matupu, akaacha kujibu majirani. Siku ya sita wodini, mama mkwe akamwonyesha karatasi iliyotundikwa kitandani.

"Nisomee hili neno."

"Sisomi tena, mama. Nitakukosesha mara ya pili."

"Kwa hiyo ukipotea njia moja unajikata miguu? Mimi mwenye mguu mbovu sijaukata. Kalete daftari."

Alilileta. Yule muuguzi mkuu naye akaitwa aje wodini, akacheka kidogo, kisha akaeleza. Kuna *ped* ya Kilatini ambayo ni mguu, na kuna *ped* iliyotoka kwa Wagiriki, ambayo ni mtoto. Zimefanana sura tu.

"Si una kaa la moto, na kaa wa majini?" akasema. "Ukiambiwa kaa, hutazami kwanza kama ni la kuchoma au wa kukubana kidole?"

Kidole cha mama mkwe kilipona bila kukatwa. Anatembea kwa fimbo, na karatasi zake huzileta kwa mkwewe kama zamani. Ila Mama Brashi ana kanuni mpya, ameiandika ndani ya jalada la daftari: *Mzizi unakuonyesha mtaa, haukuonyeshi nyumba. Ukifika, uliza.*

Kuuliza huko ndiko kulikomjengea jina. Mwaka jana alipewa karatasi ya bango kubwa la lango kuu. Mstari mmoja ulisema *Neurology*, na chini yake kwa Kiswahili: magonjwa ya figo. Zamani angelichora lilivyo. Safari hii aliweka brashi chini, akapanda ofisini.

"Nikawaambia, samahani, mimi ni mchoraji tu. Lakini hapa Kiingereza kinasema mishipa ya fahamu, Kiswahili kinasema figo. Mgonjwa afuate kipi?"

Wakaichukua karatasi, wakaisoma upya. Karatasi ilikuwa imepita mikononi mwa watu watano.

"Tangu siku hiyo hakuna bango linalokwenda ukutani kabla hajalisoma," anasema msimamizi wa majengo. "Tunamlipa na kazi hiyo pia. Si pesa nyingi, lakini ni haki yake."

Nyingi au chache, amejua pa kuzipeleka. Mwezi uliopita alijiandikisha kufanya mtihani wa sekondari kama mtahiniwa wa kujitegemea, Kiingereza na Biolojia vikiwemo. Huamka saa kumi na moja alfajiri, mama mkwe anashika daftari, anafunika upande wa maana kwa kiganja na kutamka mizizi kwa lafudhi ambayo, kwa maelezo ya mkwewe, Wagiriki wenyewe wangeiombea mkalimani.

Hesabu ndiyo inayomtisha. "Haina mzizi ninaoujua," anasema. Amepata mwalimu mstaafu wa kumfundisha mara mbili kwa wiki, na malipo yatakuwa bango la duka la mwalimu huyo.

Akifaulu ataomba kozi ya utunzaji wa kumbukumbu za wagonjwa. Akifeli atarudia mwaka unaofuata.

Namuuliza kama haoni amechelewa. Anapanda tena ngazi, anachovya brashi, anakung'uta rangi iliyozidi kwenye mdomo wa kopo.

"Mtihani hauzeeki," anasema. "Anayezeeka ni mimi. Ndiyo maana naharakisha."