Niliificha Fomu ya Adui wa Mume Wangu

Nilikosa, na sikukosa kwa bahati mbaya. Niliketi ofisini na akili zangu timamu, nikachukua fomu ya mtu aliyekatwa mguu, nikaisukuma chini ya mafaili ya waliostaafu. Kisha nikaenda kunywa chai.

Mtu huyo nitamwita Makokha, si jina lake.

Miaka kadhaa nyuma mume wangu, Baba Rose, alikuwa fundi kwenye karakana ya mbao, na Makokha ndiye aliyekuwa supavaisa wake. Msumeno wa stima ukamkata Baba Rose vidole vinne vya mkono wa kulia. Kila mtu pale alijua kinga ya ule msumeno ilikuwa imetolewa ili kazi iende haraka. Lakini watu wa bima walipokuja kuuliza, Makokha aliandika kwamba Baba Rose alikuwa amelewa, akatia sahihi.

Baba Rose ni mtu wa kanisa. Hata pombe ya busaa ya harusi hajawahi kuonja.

Bima wakakataa kulipa, mdosi akamfuta kazi. Hatukujua kwamba tungeweza kwenda ofisi ya leba, ile ya serikali inayosimamia haki za wafanyakazi, kupinga. Tulirudi kwenye nyumba yetu ya mabati mtaa wa Soweto West, akaanza kuuza makaa, na mimi nikawa namfunga vifungo vya shati kila asubuhi. Kila kifungo nilikuwa nikimtaja Makokha moyoni.

Mimi nilikuwa karani kwa kiwanda cha plastiki. Mfanyakazi akiumia, najaza fomu ya ajali, mkubwa anatia sahihi, nakala moja inaenda ofisi ya leba na nyingine kwa kampuni ya bima. Siku moja nikaona jina la Makokha kwenye orodha ya walioajiriwa. Nikaenda hadi mlangoni nimwangalie. Ni yeye. Tulikuwa tumeonana mara moja, aliposimama kwa mlango wa wodi ya mume wangu dakika mbili akaondoka. Hakunikumbuka. Watu kama hao hawakumbuki.

Baada ya miezi michache mashine ya kusaga plastiki ikamshika mguu. Hospitali wakaukata chini ya goti.

"Jaza hiyo fomu leo," mkubwa akaniambia. "Bima wakichelewa kuambiwa watatusumbua."

Akatia sahihi, akanirudishia. Hapo ndipo niliificha.

Mke wa Makokha, Mama Brayo, anauza dagaa wa omena mtaa wa Kawangware. Alikuwa anakuja ofisini mara kwa mara.

"Sista, fomu yetu imefika wapi?"

"Iko kwa bima, mama. Hao watu ni polepole."

"Na ofisi ya leba?"

"Huko pia nilipeleka."

Alinishukuru. Siku moja akaniletea omena kwa karatasi. Nikapokea, nikapika, watoto wakala. Nitasema ukweli: ilikuwa tamu.

Muda wa kuwajulisha bima ulipokwisha, nikaituma ile fomu nikijua jibu. Barua ikarudi na aya moja tu: taarifa imechelewa, hawalipi. Mkubwa akasema tumejaribu, tumwambie pole. Mimi sikutamani Makokha afe. Nilitamani aishi muda mrefu, akose, ajue ladha yake.

Jioni nikampitia Baba Rose pale anapouzia makaa.

"Makokha amekataliwa na bima, kama wewe," nikamwambia. "Na ni mimi nimefanya."

Nilingoja acheke. Aliendelea kujaza makopo kwa mkono wa kushoto.

"Ana watoto?"

"Watatu."

"Mama Rose, huyo mtu nimemchukia kuliko wewe ulivyomchukia. Vidole ni vyangu. Lakini sikukutuma. Umelipiza kwa jina langu na hukuniuliza."

Kisha akamgeukia mteja.

Jumamosi akatoa shati la kanisa, akamwita jirani amfunge vifungo, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo. Akasema twende Kawangware.

Tulimkuta Makokha ameketi kwenye godoro. Baba Rose akamnyooshea ule mkono uliobaki na kidole gumba. Makokha akautazama.

"Wewe ni Baba Rose."

"Ndio. Huyu ni mke wangu. Ana kitu cha kukwambia."

Nikasema yote. Mama Brayo alikuwa anaosha sufuria mlangoni. Akaiweka chini, akasema, "Na omena yangu ulikula."

Makokha akamgeukia mume wangu. "Mdosi aliniambia nisipoandika ulikuwa umelewa, ni mimi nitafutwa."

"Najua," Baba Rose akajibu.

Pole Makokha hakusema. Mpaka leo hajasema. Nilitamani tumwache hapo na barua yake.

Badala yake Baba Rose akatupeleka mimi na Makokha kwa wakili mmoja, mama kijana anayetoa ushauri bure kwenye ukumbi wa kanisa karibu na mtaa wa Satellite. Alisoma ile barua, akatueleza taratibu. Mfanyakazi akiumia kazini, wajibu wa kumlipa ni wa mwajiri, bima ikubali ikatae. Karani akichelewesha fomu, hilo si kosa la aliyeumia. Ila dai lazima lifike ofisi ya leba kabla mwaka haujaisha tangu ajali, na ni vizuri pawe na ushahidi kwamba kiwanda kilijua mapema.

"Nani anaweza kuandika hivyo?" akauliza.

Wote wakaniangalia.

Niliandika. Siku ya ajali, sahihi ya mkubwa, siku niliyoificha fomu, na sababu. Wiki hiyo nikafutwa kazi. Makokha alilipwa baada ya kuzungushwa sana, na sasa anatembea na mguu wa bandia.

Siku ile kabla hatujatoka nilimuuliza wakili juu ya mume wangu. Akatikisa kichwa. "Mwaka wenu ulipita zamani. Mngekuja mapema, hiyo habari ya kulewa tungeipinga. Wenzake wangeitwa waseme."

Nililia pale kwa ukumbi, na sikulia kwa toba. Nililia kwa hasira. Yule aliyetudhulumu amepata haki yake kwa mkono wangu, na aliyedhulumiwa hakupata. Baba Rose anasema amemaliza hayo mambo. Mimi bado. Tunaishi, tunaongea ya nyumba, lakini kuna mambo siku hizi hanielezi.

Ninyi mnaokaa ofisini na mnashika karatasi za watu, msifanye nilichofanya. Mke wa yule mtu hakuwa amenikosea, na watoto wake pia hawakuwa wamenikosea.

Na wewe unayefanya kazi kwa mashine, ukiumia, hata kidogo, hakikisha imeandikwa siku hiyo hiyo. Omba majina ya walioona. Itisha nakala yako, uipeleke ofisi ya leba mwenyewe au umtume mtu wako. Usimwachie karani kwa sababu anakuita mama na anakuonyesha kiti. Humjui. Anaweza kuwa mimi.