Nanasi la Mama wa Dukani

Lilikuwa nanasi lisilozaa nanasi. Majani yake magumu, yenye miiba pembeni na mistari ya kijivu, yalikutana katikati yakafanya kikombe, na kikombe hicho ndicho kilichotiwa maji, si udongo. Mama wa dukani, Mhindi mwenye nyumba tuliyopanga mtaa wa Nyasubi, alilipanda kwenye kopo la samli, akaliweka barazani nyuma ya magunia ya mchele. Alilinywesha maji ya mvua tu. "Ya kisima yana chumvi," alisema. "Yatauchoma moyo wake."

Kila alasiri nilikaa hapo nikimsomea hadithi za gazetini, kwa kuwa Kiswahili alikisema vizuri ila kukisoma hakujua. Hadithi ikikatika aliuliza, "Halafu?" Na gazeti la kuiendeleza lilipokosa kufika Kahama, niliitunga mwenyewe. Kwetu hakuna aliyeniuliza halafu. Kwetu niliulizwa maji yako wapi.

Mwaka ule mwanawe alitaka wahamie Mwanza. Kila lori lililounguruma kuelekea Isaka, njia ya Mwanza, nilitoka mbio kuhakikisha si lao. Mama wa dukani alimpa mwanawe jibu lilelile: "Sitoki hapa kabla sijaona ua lake." Nalo halikuwahi kuchanua.

Basi nikawa mlinzi wa ua lisilokuwapo. Nilichungulia kile kikombe kabla ya kunawa uso, nikachungulia tena nikitoka shule. Magunia yakiuzwa, jua likapenya, nilisimama mbele yake nikalikinga kwa mgongo wangu, lisije likachanua. Bwana afya alipotangaza kwamba atapita kumwaga maji yote yaliyotuama, nikapata kisingizio.

"Shikamoo, mama. Nilifiche jikoni kwetu?"

"Marahaba. Lifiche sana," alisema, upesi kuliko nilivyotarajia.

Jiko letu lilikuwa kibanda cha udongo, kuni mbichi, moshi hadi macho yanatoka machozi. Nililisukuma kwenye kona yenye giza kuliko zote. Bwana afya akaja, akaenda. Mimi sikulirudisha. Gizani humu, niliwaza, litachanulia wapi?

Asubuhi moja mama yangu aliinama kuchukua sufuria, akaangua kicheko. "Mayu wane, mama yangu! Njoo uone!"

Kutoka kwenye maji ilichomoza ncha ya rangi ya waridi.

"Nani kakufundisha? Kwetu Geita, nanasi likigoma kuzaa tunalifukizia moshi."

"Linazimwaje?"

"Linazimwa? Kwani ni taa hilo?"

Kufika mchana nyumba nzima ilijua. Nikalibeba hadi barazani, mikono ikichomwa na miiba. Mwana wa mama wa dukani alichungulia kutoka ndani. "Haya mama, ua lako hilo."

"Nimeliona."

Aliligusa kwa kidole, akakifuta kidole kwenye sari. Kisha akaniinamia. "Wewe mtoto. Miaka yote mimi nalinyima jua nyuma ya magunia, wewe umelipeleka wapi?"

"Jikoni."

"Jikoni!" Akacheka mpaka akatokwa na machozi, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea.

Waliondoka ua likiwa bado bichi. Lori lilikuwa limeshawashwa aliponiambia nimsomee. Gazeti sikuwa nalo. Nikaanza tu: palikuwa na mama mmoja aliyeapa hatoki. Dereva akapiga honi. "Halafu?" aliuliza dirishani, na vumbi likameza nilichojibu.

Mmea ule ulinyauka baada ya ua, kama ilivyo ada ya mananasi, ukaacha machipukizi mawili ubavuni. Ninayo hadi leo. Nayanywesha maji ya mvua, na jirani akiwasha moto upepo ukageuka, naacha kalamu nikayahamishe mbali na moshi.