Kofi la Bwana Gaucher

Hebu mwone Mzee Huguenin akiingia kanisani pale Aubrecourt, kofia mkononi, harufu ya nguruwe imemtangulia. Amechunga nguruwe wa kijiji tangu utoto wake. Leo hakuja kusali. Mwamuzi wa mfalme ameketi mbele ya altare, na watawa wa abasia wanadai msitu wa mialoni ni wao. Msitu ukienda, nguruwe watakosa kokwa za mialoni za kula vuli hii, nasi tutapitisha baridi yote bila nyama, kwa kabichi na maji yake.

Msitu huo tulipewa na Bwana Gaucher, mwenye ngome yetu zamani hizo, kuanzia kijito mpaka jiwe la mpaka. Hakuandika, kalamu hakuijua. Walioshuhudia wote wamekufa, kasoro Huguenin.

"Gaucher yupi?" aliuliza Bruda Odon, msemaji wa abasia. "Yule aliyeiba ng'ombe wetu wa kulimia, akafa ametengwa na Kanisa? Mwizi ana nini cha kugawa?"

Mwamuzi akamtaka Huguenin aape. Kimya. Akarudia. Kimya.

"Shahidi wenu amelala," Odon akasema. "Mwiteni kwa mlio wa nguruwe."

Mkewe, Ersende, akamvuta mkono. "Mzee, unaulizwa."

"Aje upande wa kulia. Sikio la kushoto limekufa."

"Tangu lini?" mwamuzi akauliza, sasa akisogea.

"Tangu siku hiyo mnayoiuliza, bwana."

Kwetu mpaka ukiwekwa, watoto huzabwa kofi papo hapo, ili mahali pale pasiwatoke akilini.

"Wenzangu walizabwa na baba zao," Huguenin akasema baada ya kuapa. "Mimi sikuwa na baba, basi Bwana Gaucher akanizaba mwenyewe. Mkono ule ulizoea vita, makofi ya watoto haukuyajua. Nikaangukia jiwe, jino likatoka. Akaniinua, akanipa mkate mweupe."

"Ulikuwa mtamu?" mwokaji wetu akauliza kutoka nyuma, upande wake wa kulia.

"Pamoja na damu, ulikuwa mtamu kuliko wako."

Hata mwamuzi alicheka. Kisha akauliza jiwe liko wapi.

"Kwenye mteremko juu ya kijito, chini ya mwaloni wenye mashina mawili. Limechongwa msalaba. Niliuona kwa karibu sana."

Tukaenda sote. Mwaloni tuliukuta, jiwe halikuwepo. Odon akakunja mikono. Ersende akaziba mdomo kwa ncha ya kitambaa chake.

Huguenin akaukaribia mwaloni. Akasimama aliposimamishwa siku ile, kijito mgongoni, akajilaza taratibu kwa ubavu, kama alivyoanguka. Akagusa ardhi iliyokuwa mbele ya mdomo wake.

"Chimbeni hapa. Nguruwe wamefukua udongo na kulifukia miaka yote hii."

Jembe liligonga jiwe kabla ya kufika kina cha mkono. Odon mwenyewe akapiga magoti, akalifuta kwa mkono wa joho lake. Akautazama msalaba ule kitambo.

"Ni wenu," akasema.

Ersende akaketi juu ya majani, akavua viatu, akacheka peke yake.

Jumapili mzee akamwashia Bwana Gaucher mshumaa.

"Kakuulia sikio, nawe unamwombea?" mkewe akamwuliza.

"Angenizaba polepole, mama, ningesahau."

Katika kitabu cha abasia Gaucher bado ni mwizi, na ng'ombe wale kweli aliwaiba. Kalamu ingekuwa mkononi mwako, wewe ungemwandikaje?