Hakuna Kupanga Laini

Siku yangu ya kwanza katika korti ya Kitale, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mshtakiwa kutoka Endebess alimwita jirani yake fisi. Mimi, mkalimani mpya, nikaona haya, nikatafsiri "mtu mwenye tamaa." Karani mkuu alinisubiri mlangoni.

"Akisema fisi, wewe sema fisi," akaniambia. "Mdomo wako ni wa korti mpaka tufunge."

Basi nikajifunza kusimama kando ya kizimba na kugeuza Kibukusu kuwa Kiswahili au Kiingereza, bila kutia chumvi wala kupunguza. Usipoulizwa, unanyamaza. Kwa mtu mwenye maneno kama mimi, hiyo ilikuwa adhabu.

Baadaye nilihamishiwa Bungoma. Hakimu wa huko alipenda kusoma kesi za Amerika, na wakati wa chai alitusimulia jinsi majaji wa kule walivyobishana miaka na miaka juu ya neno moja la katiba yao. "Neno moja tu, Mheshimiwa? Hawana shamba la kulima?" nilimtania. Nilicheka hivyo mpaka alipoletwa Mzee Wafula.

Ilikuwa enzi ya mlolongo, wapiga kura wakipanga foleni nyuma ya mgombea mbele ya macho ya kila mtu. Kuulalamikia ilikuwa kujitafutia balaa. Mzee Wafula, mkulima wa Kabuchai, alishtakiwa kwa uchochezi. Katika harusi ya bintiye, polisi mmoja asiye mwenyeji wa huko alimsikia akitangaza kwamba hakuna kupanga laini, kila mtu kura.

Hakimu alimsomea mashtaka kwa Kiswahili, akamuuliza kama ni kweli.

"Ni kweri, Mheshimiwa. Nilisema kura. Hata wewe ungekuja, ningekwambia kura."

"Amekiri!" Inspekta aliyeendesha mashtaka aliruka juu.

Mimi nilijua alichomaanisha. Sisi watu wa Bungoma, *l* na *r* hubadilishana viti vinywani mwetu, na mama yangu mzazi husema vivyo hivyo. Lakini sikuwa nimeulizwa. Mke wa mzee alikuwa ameketi benchi la mbele, amepakata blanketi la kumpelekea jela. Nilikasirika.

Wakili wa mzee, kijana kutoka Nairobi, akasimama. Hakujua lolote juu ya *l* na *r*. Alichojua ni katiba: mshtakiwa ana haki ya mkalimani wa lugha anayoielewa, bila kulipa.

"Si anaongea Kiswahili?" Inspekta akapinga. "Mheshimiwa, hapa si Amerika, ni Bungoma."

"Ni Bungoma, na Bungoma iko chini ya katiba," hakimu akajibu. Akanigeukia. "Mama, muulize upya. Ajibu kwa lugha ya mamake."

Nikamuuliza. Mzee akapumua, akaeleza kwa Kibukusu, na neno alilotumia lilikuwa lile la mdomo na tumbo, lisilofanana hata kidogo na la uchaguzi.

"Anasema," nikatafsiri, "aliwaambia wageni wale chakula. Nyama ilikuwa imeiva na mvua inakuja, kwa hivyo wasipange laini, kila mtu ajipakulie."

Korti nzima iliangua kicheko. Hakimu hakucheka. Aliita shahidi mmoja wa harusini, akamsikiliza, kisha akamwachilia mzee. Mkewe alijifunika lile blanketi kichwani, akalia humo ndani. Mimi nilienda nyuma ya korti nikalia pia, kwa furaha, maana saa za kufunga zilikuwa zimefika na macho yalikuwa yangu.

Vijana huniuliza katiba ni ya nini, maneno matupu ya wasomi. Mimi huwaambia niliona neno moja kati ya hayo likimrudisha mtu nyumbani.

Nilipostaafu, miaka ya tisini ikiyoyoma, Mzee Wafula alikuja kwenye karamu yangu na jogoo kwapani. Chakula kilipotengwa, nilimwomba aseme neno. Alisimama, akachungulia mlangoni kwanza, kisha akatabasamu.

"Mama," akasema, "reo sisemi kitu. Wewe ndiye uwaambie."

Mdomo sasa ulikuwa wangu. Nikawaambia wageni wote, kwa sauti kubwa: "Hakuna kupanga raini. Kura!"