Maji Katika Petroli

Pikapu ya kijiji ilikuwa kuukuu, rangi yake ya kijani imebaki kwenye milango tu. Iliachwa na mkulima wa kizungu aliyefungasha na kuondoka, nasi tulipokusanywa kwenye kijiji kipya, kijiji kikapewa. Mume wangu akawa dereva wake. Zamani aliwahi kuwa utingo kwenye malori ya Dodoma, na hakuna mwingine kati yetu aliyewahi hata kushika usukani. Watu walimwita fundi. Hakuwa fundi, lakini jina hilo alilipenda, na mtu akimuuliza swali asilojua jibu lake, alimchukia mtu huyo siku hiyo hiyo.

Pipa la petroli lilikaa nyumbani kwetu kwa sababu mlango wetu ulikuwa na kufuli. Ufunguo niliuvaa shingoni. Gari lilipotaka kutoka, mimi ndiye niliyepima mafuta kwenye dumu na kuyachuja kwa kitambaa, kisha mume wangu akayamimina kwenye tangi. Kazi hiyo niliipenda. Wanawake wengine wa kijiji walikuwa na jembe tu. Mimi nilikuwa na jembe na ufunguo.

Mwisho wa kiangazi gari lilianza kuzimika milimani. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri, lakini likifika penye mwinuko linakohoa, linashtuka-shtuka, linakufa. Ukiliacha lipumzike, linawaka tena. Mume wangu alisafisha plagi, akasugua platini za kutoa cheche kwa msasa, akafungua kabureta na kuipuliza kwa mdomo. Kila mara gari lilitembea kidogo na yeye akatangaza kwamba limepona. Matambara yake nilifua mimi, na lile la kufutia kijiti cha kupimia oili lilikuwa linanuka petroli, jambo ambalo halikuwapo zamani. Nikamwambia wakati anakula. Alinitazama, akainamisha bakuli la mlenda taratibu mpaka lote likamwagika sakafuni, akaniambia nile kutoka pale, kwa kuwa pua yangu ilikuwa inafanya kazi vizuri kama ya mbwa.

Jirani yetu alikuwa na mtoto wa kiume ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Asubuhi moja mtoto alishikwa na degedege. Mume wangu aliwasha gari bila kubishana, hilo namhesabia, akampakia yule mama na mtoto wake, wakaondoka kuelekea hospitali. Gari likafa njiani, kwenye kilima kimoja cha mawe makubwa. Alipiga hendeli mpaka viganja vikachubuka. Mama yule alingoja, mwishowe akateremka, akamfunga mtoto mgongoni na kuanza kutembea. Mtoto alifariki njiani. Alirudi naye vilevile, mgongoni, amemfunika kichwa kwa kanga kana kwamba anamkinga na jua.

Watu walikusanyika kwenye uwanja. Mume wangu alikuwa amefika kwa miguu nyuma yake. Mtu mmoja akamuuliza gari lilikuwa na nini. Jibu lake sikulitarajia. Alifikiri kidogo, akatazama upande wa kilima alikoliacha gari, kisha akanitazama mimi.

"Mafuta yana maji," alisema.

Hakuhitaji kuongeza neno. Kila mtu alijua ufunguo uko shingoni mwa nani.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mtu mzima kuliko baba yangu, mwenye sauti ya upole, aliyeitikia shikamoo za watoto mmoja mmoja. Siku chache kabla alikuwa amepokea mgeni kutoka wilayani, aliyetuhutubia kuhusu wahujumu. Neno hilo lilikuwa jipya kwetu na lilikuwa bado halijapata mtu. Kwenye mkutano mwenyekiti aliniuliza kama nilitia maji kwenye mafuta. Nikasema hapana. Akaniuliza kama kuna mwingine anayeweza kulifikia pipa. Nikasema hapana, maana ndiyo ilikuwa kweli.

"Basi," alisema, kwa upole uleule.

Mume wangu akasimama, akaja, akanivua ufunguo shingoni mbele ya watu, kama mtu anayemvua mbuzi kamba. Ikaamuliwa kwamba nitalima peke yangu pembeni mwa shamba la pamoja, na kwamba barua itakwenda wilayani ikieleza kuwa mhujumu amepatikana. Kisimani wanawake walinyamaza nikifika. Mama wa marehemu hakunyamaza. Alinitazama nikiteka, akaniuliza kama yale maji ninakwenda kuyanywa au nina kazi nayo nyingine. Nilijitwika ndoo nikaondoka. Nyumbani mume wangu alikula chakula changu kama kawaida. Nilipomuuliza kwa nini alisema vile, alijibu kwamba watu walitaka jibu, na mimi nisingekufa kwa kusemwa.

Kisha mbegu za kijiji zikafika Manyoni kwa treni, na mvua zilikuwa karibu. Gari, lililokuwa limerudishwa kutoka kilimani likiwaka na kuzimika, lilipaswa kwenda. Mume wangu alikumbuka ujanja wa malori: akaliweka dumu la petroli juu ya paa la gari, akateremsha mpira kutoka kwenye dumu mpaka kwenye kabureta, ili mafuta yashuke yenyewe bila kupitia kwenye pampu. Injini ikawaka na kunguruma vizuri kuliko ilivyonguruma kwa miezi. Nilikuwa nimesimama palepale. Yalikuwa mafuta ya pipa lilelile ambalo nilisemwa nimelitia maji. Nilimtazama mume wangu, nikamtazama mwenyekiti, nikingoja mmoja wao aseme. Wote wawili waliisikiliza injini na kutikisa vichwa kwa kuridhika.

Dumu lilihitaji mtu wa kulishika. Mume wangu alisema kwa kuwa mafuta ni yangu, niyashike mwenyewe. Mwenyekiti akaingia mbele pamoja naye, akafunga mlango.

Nilipanda juu. Niliketi kwenye bati nikilibana dumu kwa mapaja, mkono mmoja kwenye ule mpira, mwingine kwenye chuma cha paa. Jua la nchi yetu wakati huo wa mwaka halina huruma, na bati lilikuwa kama kikaango. Kila tulipopita kwenye shimo, petroli iliruka na kunilowesha kanga. Mwanzoni inapoza. Baadaye inachoma, na ngozi inapoanza kuchubuka inachoma zaidi. Gari likirushwa sana, mafuta yalikatika kwenye mpira na injini ikazimika. Hapo mume wangu alipiga paa kwa ngumi kutoka ndani, nami nikajua kwamba natakiwa kuunyonya mpira kwa mdomo mpaka mafuta yashuke tena. Nilimeza mengi. Midomo ilivimba, nikatapika ubavuni mwa gari likiwa linakwenda. Wakati mmoja mwenyekiti aliteremka kujisaidia. Akaniangalia kutoka chini, mkono umekinga macho.

"Pole, mama," alisema, akarudi kivulini.

Gereji tuliyoikuta Manyoni ilikuwa karibu na reli, ua wa mabati wenye magari mabovu yaliyoota majani. Fundi wake alikuwa na tumbo kubwa na hamu ya kucheka. Aliponiona nikiteremka, uso umevimba na kanga imenigandia, aliuliza kama siku hizi vijijini matangi ya mafuta yanatengenezwa yakiwa na miguu. Mume wangu alicheka. Alicheka kwa muda mrefu, kisha akaisimulia safari nzima kwa mbwembwe, namna nilivyonyonya na namna nilivyotapika, na vijana wa gereji wakaacha kazi wasikilize.

Fundi hakuchukua muda. Alichomoa kijiti cha oili, akakinusa, akampa mume wangu naye anuse. Kisha akafungua mipira ya pampu, akalegeza boliti zake mbili ubavuni mwa injini, akaitoa. Ilikuwa kitu kidogo, kinaenea kiganjani, chenye mkono wa chuma unaosukumwa na injini. Akaziba tundu la kuingizia mafuta kwa kidole gumba, akaubonyeza ule mkono mara kadhaa. Pampu nzima, alisema, inakikamata kidole kama mtoto anayenyonya. Hii haikukamata kitu. Akaifungua kati. Ndani mlikuwa na kipande cha mpira cha duara, laini kama ngozi ya ngoma ndogo. Ndicho kinachovuta mafuta kutoka kwenye tangi. Kilikuwa kimepasuka karibu na katikati. Petroli ilikuwa inapenya pale na kushuka kwenye oili, na kwenye mlima, injini inapotaka mafuta mengi, ilikuwa inakosa.

Nikamuuliza kama maji yanaweza kufanya hivyo.

"Maji gani?" alisema fundi. "Mpira umechakaa. Kungekuwa na maji, hata hilo dumu lako lisingewafikisha hapa."

Nikamwomba alirudie hilo mbele ya mwenyekiti, aliyekuwa amekaa kwenye benchi. Alilirudia, akaongeza kwamba yeye hutengeneza magari, hatengenezi ndoa. Mwenyekiti akasema, "Nimesikia."

Pampu nyingine ilitolewa kwenye gari bovu la aina ileile nyuma ya ua. Fundi aliipima kwa kidole gumba, akakibandua kidole kwa nguvu na kuridhika. Alikwangua mabaki ya karatasi ya zamani ubavuni mwa injini, akakata kadibodi mpya kwa umbo lake, akaipaka grisi, akaibana pampu, akarudisha mipira. Akapiga ule mkono kwa kidole mpaka mafuta yakajaa kwenye kabureta, kisha akawaambia vijana wake wamwage oili yote iliyoharibika na kutia nyingine. Niliangalia kila kitu. Kile kipande cha mpira kilichopasuka alikuwa amekitupa chini. Nikakiokota na kukifunga kwenye pindo la kanga.

Tulirudi nikiwa nyuma, juu ya magunia ya mbegu. Sikuweza kukaa kwa sababu ya mapaja, kwa hiyo nilipiga magoti. Kwenye kilima cha mawe makubwa gari lilipanda bila kukohoa hata kidogo.

Mkutano uliitwa ili kugawa mbegu. Mume wangu alisimama kwanza, akaeleza jinsi alivyogundua kwamba pampu ndiyo mbovu. Watu wakampigia makofi. Halafu akasema kwamba ni yale maji yaliyoipasua. Alilisema bila kunitazama, kwa sauti ya kawaida.

Nilisimama nikafungua pindo. Nikawaonyesha ule mpira, nikasema aliyoyasema fundi, nikamgeukia mwenyekiti.

"Mzee, wewe ulisikia kwa masikio yako."

Barua yake ilikuwa imekwisha kwenda wilayani. Nilimwona akiifikiria. Kisha akasema kwamba mambo ya ufundi tuwaachie mafundi, na mbegu hazitajigawa zenyewe. Watu wakageukia magunia. Mpira ulibaki mkononi mwangu, na hakuna aliyeomba kuuona kwa karibu.

Yule mama alikuwapo, mwishoni mwa safu. Nilimfuata mpaka nyumbani kwake. Kati ya watu wote nilitaka yeye ajue. Alinipa kigoda, jambo ambalo sikulitarajia, akaupokea ule mpira, akauinua kwenye mwanga wa mlango na kuchungulia kwenye upasuko wake. Nilimweleza polepole kwa Kinyaturu, ili neno lisipotee. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni hiki," alisema.

Nikasema ndicho.

Aliugeuza mkononi. "Afadhali ungekuwa wewe," alisema. "Hiki nitakifanya nini?"

Akanirudishia, akachukua ungo na kuendelea kupepeta uwele. Nilikaa kidogo kwenye kile kigoda, kisha nikaondoka. Nimezeeka sasa na bado naamini aliniambia kweli kuliko mtu yeyote wa kijiji kile. Mimi angeweza kunichukia kila siku kisimani. Mpira uliochakaa haumchukii mtu na wala hauchukiki.

Kesho yake nilimwambia mume wangu kwamba ninarudi kwa mama yangu, kule kijijini Mungaa. Hakunizuia. Nilimwomba anifikishe hata nusu ya njia, kwa sababu majeraha ya mapajani yalikuwa yamefunguka na kutembea kulikuwa kazi. Alijibu kwamba gari ni mali ya kijiji, halibebi mambo ya nyumba ya mtu. Nikafunga nguo zangu, nikaanza safari asubuhi, nikitembea miguu imeachana kama mtu aliyetoka kutahiriwa.

Jua lilipokuwa kichwani nilisikia gari likija nyuma yangu. Nililitambua kabla halijaonekana. Nilisogea pembeni, nikaweka furushi chini. Mume wangu alikuwa peke yake mbele, kiti cha pembeni kitupu. Aliniona, najua aliniona, kwa sababu alipinda kidogo usukani asinigonge. Vumbi lilipotulia nilikuwa bado nimesimama, nikilisikiliza likipanda mwinuko wa mbele. Halikukohoa. Injini ilivuta vizuri, bila kukatika, mpaka likavuka juu na sauti ikapotelea upande wa pili. Nikajitwika furushi langu na kuanza kupanda mwinuko uleule.