Chupa Tatu za Chester

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Labda ya mwongo maskini. Mwongo mwenye mawakili njia yake ilichukua miaka kumi, rufaa juu ya rufaa, na bahasha ya korti ilipofika kwa Bernice Wojtaszek, kule Cheektowaga kando ya jiji la Buffalo, Marekani, mwenye jina lililoandikwa juu yake alikuwa kaburini mwaka wa saba.

Jina lilikuwa la mumewe, Chester. Alikuwa tarishi wa posta kwa miaka thelathini na mmoja, na magoti yake aliyaacha kwenye theluji za milango ya watu.

"Mama, tumeshinda!" Binti yao Paula aliisoma barua amesimama, koti bado mwilini. "Vile vidonge vya magoti, korti imesema havikuwa na thamani hata ya senti moja. Kampuni itamrudishia kila aliyenunua bei yote, na riba asilimia tisa kwa mwaka, kuanzia siku aliyonunua."

"Na goti?"

"Goti halimo. Hii ni kesi ya wanunuzi wote kwa pamoja, inarudisha bei ya chupa tu. Aliyeumia ilibidi ashtaki peke yake."

"Na kaburi, Paula?"

Paula akavua koti. Wote wawili walikumbuka Machi ile ya barafu, goti la Chester lilipomwacha kwenye ngazi za nyuma, nyonga ikavunjika, akaingia hospitali akitania manesi na asitoke.

Basi Bernice alibaki akitaka kitu kimoja tu: chupa zote arobaini na moja zihesabiwe. Mwenye risiti angelipwa zote; asiye na risiti, moja. "Moja! Kama mtu aliyepita dukani akakosea rafu," alisema, akapanda kiti mwenyewe, na miaka yake sabini na tisa, kulishusha kopo la kahawa ambamo Chester alitunza risiti zake.

Risiti zilikuwa nyeupe pe. Wino wa mashine za dukani haudumu, ulikuwa umefifia wote, na Bernice akakaa chini kama aliyefiwa upya.

"Ngoja, Mama. Geuza."

Nyuma palikuwa na maandishi ya penseli. Matarishi wa zamani walikuwa na mazoea hayo: barua isiyofika huandikwa tarehe na sababu, kwa mkono, hapo hapo mlangoni. Chester aliyaleta mazoea hayo nyumbani, akaandika nyuma ya kila karatasi iliyopita mkononi mwake. Tarehe, bei, neno moja au mawili.

Paula akapiga simu ofisi ya madai. Mama mmoja mwenye sauti ya upole akamwambia kumbukumbu iliyoandikwa siku ile ile inakubalika, wapige picha pande zote mbili. "Si nilikwambia? Baba ameshinda kesi kwa penseli!" Paula akamwambia mamake. Wakacheka, mara ya kwanza jikoni mle kwa muda mrefu. Bernice akachemsha pierogi, vile vitumbua vya Kipolandi vya viazi, na Paula akaanza kusoma ili wajaze fomu.

"Chupa ya kwanza, Oktoba tisa. 'Tuone.' Ya pili, Novemba. 'Labda kidogo.' Ya tatu, Desemba. 'Bado nasubiri.'" Akageuza nyingine. "Ya nne. 'Bure kabisa. B. kauliza, nimesema nafuu.'"

Kijiko cha Bernice kikasimama.

"Endelea."

"Mama, basi tu..."

"Nimesema endelea."

"Ya kumi na moja. 'B. kafurahi, kaniona nikicheza dansi ya polka parokiani. Nililia garini.' Ya arobaini na moja. 'Daktari asema kupasuliwa bado kunawezekana. B. ataogopa. Nitanunua nyingine.'"

Oktoba ile Chester alikuwa na tarehe ya kupasuliwa goti. Dada yake Bernice alikuwa amefia kwenye meza ya upasuaji, na Bernice alimlilia mumewe usiku tatu asiende. Ni yeye aliyeliona tangazo kwenye televisheni, mzee akicheza huku anatabasamu. Ni yeye aliyesema, jaribu hivi kwanza, Chet, kwa ajili yangu.

Mwisho wa fomu palikuwa na kiapo: mnunuzi alinunua kwa kuamini maneno yaliyoandikwa kwenye chupa. Bernice alikisoma mara mbili, na penye idadi ya chupa akaandika 3.

"Mama! Ni arobaini na moja!"

"Tatu aliwaamini wao."

"Nani atajua? Wale ni wezi, Mama, wanastahili kulipa kila senti!"

"Wezi ndiyo, na walaaniwe. Lakini hizi thelathini na nane hakununua kwa maneno ya chupa, mwanangu. Alinunua kwa maneno yangu. Nitaapaje?"

Paula akambembeleza, akakasirika, mwisho akalia. Bernice hakulia. Alitia sahihi, akabandika stempu ikiwa imenyooka, kama Chester alivyokuwa akitaka.

Hundi ilikuja mwezi wa tano, dola mia na thelathini na ushei, na karatasi iliyoonyesha riba ya kila chupa na siku ilipoanzia. Bernice akaweka kidole kwenye ile ya kwanza, Oktoba tisa.

"Wanajua kuhesabu," alimwambia Paula. "Na riba ya deni langu inaanzia siku hiyo hiyo. Ila mimi nimlipe nani?"

Paula akamshika mkono. Baadaye Bernice aliirudisha risiti ya arobaini na moja kwenye kopo, upande wa penseli ukiwa juu, akamwomba Paula amsaidie kulipandisha kwenye rafu, kwa sababu siku hizi magoti yake nayo yalikuwa yakiuma.