Mwani Ndani ya Bani

Wiki nzima nililala vibaya kwa sababu sikujua mama aliuonaje mwani. Nilikuwa nimepata kazi pwani, kushauri wakulima wa mwani, na waajiri walitaka jibu kabla ya Ijumaa. Mimi nilikuwa nyumbani Urambo, tumbaku imeiva, na mama hana mtoto mwingine wa kumsaidia kuvuna. Angesema nibaki, ningebaki. Angesema niende, ningeenda. Nilipomweleza habari ya kazi alisema tu, "Nimesikia." Nikaanza kutafuta jibu lake katika asubuhi moja tuliyokuwa pwani pamoja.

Alikuwa amekuja kwenye mahafali yangu ya chuo, nilikosomea mwani, na hakuwa amewahi kuona bahari. Kesho yake nilimpeleka ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Alipandisha kitenge, akashika ndala mkononi, akatembea juu ya mawe kwa adabu, kama aliyeingia sebuleni kwa watu. Kwenye vidimbwi nilimwonyesha mwani wa kijani, mwembamba hadi unaona kidole upande wa pili. Wa kahawia, wenye vifuko vidogo vya hewa. Na mwekundu, unaojificha chini ya miamba na ambao ukiutoa majini unalala kama nywele zilizolowa. Nilieleza kwa nini mmoja huvumilia jua na mwingine hukaa mbali zaidi, mahali ambapo maji hayaondoki kabisa. Nilieleza mno.

Mama aliinama. Aliokota majani, akayanyoosha kwa kidole gumba, akayapanga juu ya mwamba: mapana peke yake, yaliyotoboka peke yake, yaliyobadilika rangi nayo kando. Ndivyo tunavyopanga tumbaku kabla ya soko. Kisha akasema, "Twende, maji yanarudi."

Baadaye nililigeuza tukio hilo kila upande. Labda alichoka. Labda alitafuta thamani asiione. Labda alihesabu misimu ya tumbaku iliyokwenda kumsomesha mtu magugu. Jirani yetu, mama mmoja anayekuja kutusaidia kutunga majani kwenye fito, hakuwa na shaka.

"Shikamoo, mama," nilimsalimia.

"Marahaba, mtaalamu wa magugu. Kwangu yamejaa shamba zima, njoo uyasome bure."

Mama yangu alicheka. Nilikifikiria kicheko hicho mpaka jioni.

Alhamisi asubuhi, baada ya mvua ya usiku, mama alinituma kwenye bani, kibanda tunamokaushia tumbaku kwa moto. Tumbaku ikishakauka huvunjika ukiigusa, kwa hiyo tunaacha mlango wazi unyevu uingie, majani yalainike, ndipo tunashusha fito. Niliingia nikanyoosha mkono kupima kama imelainika.

"Usiguse tumbaku!" alisema akiwa mlangoni. "Shika lile la kwako, hapo kwenye msumari."

Nyuma ya mlango kulikuwa na kishada cha mwani wa kahawia, kimefungwa kwa kamba ya katani tunayotungia. Vifuko vya hewa vilikuwa vimenywea. Sikumwona akiuchukua pale mwambani, wala kuufungasha.

"Likoje?"

"Laini. Linanata kidogo."

"Basi na tumbaku iko tayari. Hilo lina chumvi, linavuta unyevu, mvua ikija halifichi. Juzi lilikuwa kama ukuni."

"Mbona hukuniambia umebeba?"

"Ningekuambia, ungenieleza njia nzima mpaka Tabora."

Jirani, aliyekuwa amefika na kusimama nyuma yake, alicheka mpaka akashika kiuno. Mama akaingia, akauminya mwani kwa vidole viwili, akaridhika.

"Na mavuno yaliyobaki?" niliuliza.

"Huyu hapa," alisema, akimwonyesha jirani kwa kidevu. "Atavuna na mimi, kisha nitavuna naye. Tulishakubaliana siku ile uliyonieleza habari ya kazi."

"Na wewe hukuniambia."

"Hukuuliza. Ulikuwa unaniangalia tu."

Tulishusha tumbaku, mimi juu, wao chini wakipokea fito. Hakuna jani lililovunjika, au kama lilivunjika sikulisikia. Nilipomaliza niliosha mikono, ingawa utomvu hautoki kwa maji, nikaenda barabarani ambako mtandao unashika vizuri. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kukubali na maneno ya kukataa. Simu ilipopokelewa nilisema nakuja, na kabla ya kurudi nyumbani nikapitia stesheni kukata tiketi.